Mji wa Wapolandi Uliokuwa Tengeru, na Mitaa Yetu Isiyo na Daftari

Aghalabu jioni, nipitapo katika vichochoro vya Mabatini, hapa Mwanza, pale njia zinapoanza kupanda mlima baina ya majabali na nyumba zilizoshikamana ukuta kwa ukuta, hununua karanga za kukaanga kwa mama aketiye kando ya njia na sinia lake, naye hunifungia katika karatasi aliyoichana kutoka daftari kuukuu. Na si mara moja wala mbili nimeikunjua karatasi ile nikakuta mwandiko wa mtu mzima, orodha ya waliochanga msibani, hesabu ya chama cha kufa na kuzikana, au nusu ya barua ya kijana aliyekuwa ugenini akimwarifu shangazi yake kwamba amewasili salama na kwamba fedha ya karo itafuata. Mama yule hana kosa hata chembe, kwa kuwa karatasi ameinunua kwa kilo kutoka kwa mtu aliyezitoa nyumbani mwa marehemu, na warithi wa nyumba ile nao hawakuziona kuwa na thamani ila ya uzito wake.

Naieleza rai yangu mapema ili msomaji ajue tunakokwenda. Mji usioandika majina ya watu wake, hata ukitimiza karne nzima, utasahauliwa upesi kuliko kambi ya wakimbizi iliyodumu miaka kumi tu, lakini ikaandika. Ushahidi wa neno hili hatuna haja ya kuufuata ng'ambo, maana uko katika nchi yetu wenyewe, chini ya Mlima Meru, mahali paitwapo Tengeru, ambapo zamani za Vita Vikuu vya Pili palisimama mji mdogo wa Kipolandi wenye makanisa, shule, hospitali na makaburi yake. Nataka tuuhesabu mji ule kuwa ni fungu la historia yetu na kuutunza kwa mikono yetu, na kisha mitaa kama huu wetu itwae kwao desturi ambayo hatujaipa hadhi inayostahiki.

Njia iliyowaleta

Mnamo Septemba 1939, Ujerumani ilipokwisha kuivamia Polandi kutoka magharibi, majeshi ya Kisovieti yaliingia kutoka mashariki tarehe 17 ya mwezi ule ule, na nchi ikagawanywa baina ya madola mawili yenye nguvu. Katika miji midogo na vijiji vya mashariki, ambako Wapolandi, Wayukreni, Wabelarusi na Wayahudi walikuwa wakikaa pamoja tangu enzi za mababu, wakiuziana nafaka katika soko moja na kusali katika nyumba za ibada mbalimbali, askari walianza kugonga milango usiku wa tarehe 10 Februari 1940, wakarudia mara nyingine tatu hata kufikia Juni 1941. Wakawapa watu dakika chache za kufunga mizigo, wakawapakia katika mabehewa ya mizigo, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan kukata magogo na kufanya kazi za sulubu katika baridi ambayo sisi watu wa ikweta hatuna neno la kuieleza. Waliochukuliwa ni mamia ya maelfu, na wengi hawakurudi, kwani njaa, homa ya matumbo na uchovu viliwamaliza huko huko, watoto wachanga wakiwa wa kwanza.

Kisha Hitler akamgeukia Stalin mwezi huo wa Juni 1941, na adui wa jana akawa mshirika wa leo. Mapatano yaliyotiwa saini tarehe 30 Julai 1941 baina ya Moscow na serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni London yaliwafungulia mateka wale, na Jenerali Władysław Anders akapewa idhini ya kukusanya jeshi kutoka miongoni mwao. Na mwaka 1942 watu zaidi ya laki moja, askari pamoja na raia, walivuka Bahari ya Kaspi wakaingia Uajemi, wengi wao wakiwa mifupa mitupu iliyovikwa matambara. Wanaume wenye nguvu waliendelea na jeshi, na ndio waliopanda vilima vya Monte Cassino kule Italia mwezi Mei 1944. Wanawake, watoto, mayatima na vikongwe wakatafutiwa makao India, Mexico, New Zealand, na kwetu Afrika, ambako walifika watu karibu 20,000.

Waliletwa kwa meli hadi Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, wakagawanywa. Tanganyika waliwekwa Tengeru, Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Uganda waliwekwa Masindi na Koja, nayo Koja iko ufukweni mwa ziwa letu hili hili, hata naweza kusema bila ya kupiga chuku kwamba maji yaliyolowesha miguu ya watoto wale ndiyo haya yapigayo majabali ya Mwanza. Ni wangapi kati yetu tuliokulia kando ya ziwa waliofundishwa jambo hilo shuleni? Tulikaririshwa majina ya wapelelezi waliokuja kutafuta chanzo cha mto Naili, lakini maelfu ya kina mama waliokuja kutafuta mahali pa kulaza watoto wao hatukuambiwa habari zao.

Mji wenye shule, kwaya na mchezo wa jukwaani

Tengeru ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, kwa watu wake karibu 5,000. Walipofika walikuta nyumba za duara zimejengwa kwa udongo na kuezekwa kwa majani, kazi ya mikono ya vibarua wenyeji, zimepangwa safu kwa safu karibu na ziwa dogo la Duluti. Mbele yao Meru, na siku za anga safi, kwa mbali, Kilimanjaro. Lau watu wale wangaliketi mlangoni wakingoja vita viishe na posho igawiwe, hakuna ambaye angaliwalaumu, kwa kuwa walikwisha kuonja madhila yaupitayo uwezo wa binadamu. Lakini hawakuketi. Ndani ya muda mfupi palikuwa na shule za watoto wadogo, za msingi, za sekondari na za ufundi, palikuwa na hospitali, karakana, shamba la kuwalisha watu, kanisa la Kikatoliki, mahali pa ibada pa Waorthodoksi na pa Wayahudi, kwaya, michezo ya kuigiza, chama cha maskauti, na wanawake waliokaa vivulini wakitarizi nguo kwa nakshi za vijiji walikotoka.

Nimelitafakari sana jambo hili, kwa nini watu walio safarini, wasiojua kesho yao, wafanye taabu ya kufundisha watoto mashairi ya kwao na kushona mavazi ya ngoma za kwao, ilhali hata viatu hawana. Jawabu naliona katika mkutano wa Yalta wa Februari 1945. Huko wakubwa watatu wa dunia waliafiki kwamba mipaka ya Polandi isogezwe upande wa magharibi, na miji walikozaliwa wengi wa watu wa Tengeru ikabaki ndani ya Muungano wa Kisovieti. Leo iko Ukraine, Belarus na Lithuania. Kwa hiyo hawakuwa na mahali pa kurudi. Mji wao wa asili ulikuwa umebaki katika vinywa vya bibi zao, katika mapishi ya sikukuu, katika sala na nyimbo, na katika vipande vya picha walivyovificha kifuani tangu Siberia. Na bibi wale walijua kwamba wasipoupandisha mji ule katika vichwa vya wajukuu, hapo Tengeru, chini ya migomba, utakufa pamoja nao.

Kuna habari nyingine ya Tengeru ambayo hunigusa kila niikumbukapo. Miongoni mwa wakazi walikuwako mayatima wengi, na vita vilipokwisha serikali mpya ya Warsaw, iliyokuwa chini ya Wakomunisti, ilitaka warudishwe Polandi, ilhali wengi wao hawakutaka, kwa kuwa walikwisha kuuonja ukomunisti wa Stalin. Padri Mfransisko aitwaye Łucjan Królikowski, ambaye mwenyewe alikuwa amepelekwa Siberia, aliwachukua mayatima wapatao 150 mwaka 1949, akawapitisha Italia, akawafikisha Canada, akawa mlezi wao huko, huku Warsaw ikipiga kelele kwamba watoto wametekwa nyara. Padri huyo alifariki mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 100. Watoto aliowalea walipata wajukuu, na wajukuu hao wanalijua jina la Tengeru kuliko walijuavyo vijana wengi wa Kitanzania wapitao pale kwa basi la Arusha na Moshi.

Makazi yale yalifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, watu wakatawanyika kwenda Uingereza, Canada, Australia na kwingineko, wachache wakarudi Polandi, na wachache zaidi wakabaki hapa hapa hadi kufa kwao. Ardhi ikawa ya chuo, ambacho leo hufunza mambo ya mifugo. Nyumba za duara zikaanguka. Kilichosalia ni makaburi yapatayo 150, ya Wakatoliki, ya Waorthodoksi na ya Wayahudi, kila kaburi na jina lake, yamezungushiwa ukuta, na mlinzi wake ni Mtanzania, ambaye huwapokea wageni watokao mbali kutafuta jina la nyanya au la mjomba. Kule Uganda, kanisa walilolijenga Nyabyeya, karibu na Masindi, lingali limesimama, na wanaosali humo siku hizi ni wenyeji.

Insafu kwa Wameru

Siwezi kuisifu Tengeru nikanyamaza kuhusu wenye nchi. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema wahenga. Na je, Wameru walipona? Wakati ule ule ambapo serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwatafutia Wazungu waliofukuzwa makwao mahali pa kukaa, jambo ambalo kwa upande wa utu lilikuwa jema, serikali hiyo hiyo ilikuwa ikipanga kuwafukuza Waafrika makwao. Mnamo Novemba 1951, kabla hata Wapolandi wa mwisho hawajaondoka wilayani, Wameru wapatao 3,000 wa Engare Nanyuki waliondolewa kwa nguvu, nyumba zao zikateketezwa, ili ardhi yao ifanywe mashamba ya mifugo ya walowezi. Kirilo Japhet alipelekwa na watu wake New York mwaka 1952, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, kuunguruma mbele ya Umoja wa Mataifa. Na ijapokuwa hawakurudishiwa ardhi wakati ule, sauti yao ilisikika Tanganyika nzima, ikawa miongoni mwa mambo yaliyowaamsha watu wakati chama cha TANU kilipokuwa kinakaribia kuzaliwa.

Habari hizi mbili hufundishwa mbalimbali, ama moja hufundishwa na nyingine hubaki nje ya mlango. Mimi naona ni habari moja. Wilaya moja iliwakutanisha watu wa jamii mbili walioonja kufukuzwa majumbani mwao na askari wa dola, na ninaamini kwamba mzee wa Kimeru na bibi wa Kipolandi, lau wangalikalishwa pamoja na kupewa lugha moja, wangalielewana kabla chai haijapoa. Tena Mwingereza mwenyewe aliiona hatari ya maelewano hayo. Watawala walikuwa na wasiwasi kwa kuwaona wanawake wa Kizungu wakifua, wakibeba maji na kufagia nyua zao wenyewe mbele ya Waafrika, maana kiti cha mkoloni kilisimama juu ya itikadi kwamba Mzungu hatumiki, hutumikiwa. Mwafrika aliyemwona Mzungu maskini, mwenye njaa, mwenye kulia, alikuwa amekwisha kuona kitu ambacho hakikutakiwa kionekane.

Kwa hivyo anayetaka kuyahifadhi makaburi ya Tengeru na ayahifadhi, lakini kando yake paandikwe pia majina ya waliojenga zile nyumba za duara, na habari za Engare Nanyuki zisimuliwe kwa wageni hao hao, kwa Kiswahili na kwa Kipolandi.

Urithi hutunzwa na akaaye mahali

Kuna watakaoniuliza: Wapolandi wana nchi yao na balozi wao, kwa nini Mtanzania ahangaike na makaburi yao? Nitawajibu kwa kuwapeleka kwanza kwenye mji mmoja mdogo huko huko Polandi, uitwao Tykocin, kando ya mto Narew, wenye wakazi kiasi cha 2,000 tu, yaani pengine wachache kuliko watu wa mtaa mmoja wa mlimani hapa kwetu. Mji huo una uwanja wenye sanamu ya kiongozi wa vita Stefan Czarniecki iliyosimamishwa mwaka 1763, una kanisa kubwa la karne ya 18, na upande wa pili una sinagogi lililojengwa mwaka 1642. Kwa muda wa karne nyingi nusu ya mji ilikuwa ya Wakristo na nusu ya Wayahudi. Mwezi Agosti 1941 Wanazi waliwakusanya Wayahudi wa Tykocin uwanjani, wakawapeleka katika msitu wa Łopuchowo, wakawaua kwa risasi, na kwa siku mbili nusu ya mji ikatoweka.

Sinagogi likabaki bila wenyewe. Kwa miaka mingi lilikuwa ghala, kisha katika miaka ya 1970 likakarabatiwa na kufanywa makumbusho, na sala zilizoandikwa juu ya kuta zake kwa Kiebrania zikatokeza tena. Waliobaki kulitunza si wana wa waliolijenga, kwa sababu wana hao waliuawa au wako mbali. Wanalitunza wakazi wa mji, ambao babu zao walisali upande wa pili, nao wanalihesabu kuwa ni lao kwa kuwa liko kwao. Mwenye kukaa mahali amepewa dhamana ya yote yaliyopita mahali pale, ya furaha na ya aibu, ya ndugu na ya mgeni. Mlinzi wa makaburi ya Tengeru anaitekeleza dhamana hiyo kila siku, na waumini wa Nyabyeya wanaitekeleza kila Jumapili, na sioni aibu kusema kwamba wametutangulia sisi tuliosoma zaidi yao.

Igoma, Bujora na Mabatini

Nirejee upande wetu. Mwanza ilianza kuwa makao ya serikali ya Wajerumani mwaka 1892. Reli ikafika kutoka Tabora mwaka 1928. Pamba ya Usukuma ikaujaza mji, na wakulima waliochoka kupunjwa kwenye mizani wakajiunga chini ya uongozi wa Paul Bomani, hata mwaka 1955 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika cha Victoria Federation, kilichokuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika nzima. Hayo yameandikwa. Lakini yale ya Mabatini je? Nani aliyepanda kwanza mlimani, akapasua jabali kwa moto na nyundo, akatengeneza kiwanja cha vyumba viwili? Ni nani waliotoka Ukerewe na Ukara, nani walitoka Bukoba, Tarime na Kigoma, na kwa nini kila mmoja alichagua upande ule alioukaa? Mto Mirongo ulipofurika, ni nyumba zipi zilizokwenda na maji, na majirani gani waliowapokea walionusurika? Haya yote yamo vichwani mwa wazee, na kila msiba unapopita sehemu yake inakwenda makaburini Igoma.

Na kwa kuwa nimeitaja Igoma, niseme kwamba sisi tuna Tengeru yetu hapo hapo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza, ikafa nayo halaiki ya watu, na wengi wao wamelala Igoma, pembezoni mwa barabara ya Musoma. Kila mwaka hufanywa ibada ya kuwakumbuka. Lakini mtu mmoja mmoja kati yao alikuwa nani? Alikuwa anasafiri kwa nini, alikuwa amebeba nini, alikuwa anamfuata nani? Wapolandi wakisimama mbele ya kaburi la Tengeru huweza kumwambia mtoto kwamba huyu alikuwa mshonaji, huyu alizaliwa Wołyń, huyu alikufa kwa malaria akiwa na miaka mitano. Na taarifa hizo hazikuhifadhiwa na serikali kubwa yenye fedha, zilihifadhiwa na familia zilizokuwa hazina hata kitanda.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la Kizungu na sisi hatuliwezi. Nendeni Bujora, kule Kisesa, ambako katika miaka ya 1950 Padri David Clement kutoka Canada, akishirikiana na wazee wa Kisukuma, alianza kukusanya ngoma, viti vya watemi, zana za wahunzi na waganga, mpaka yakawa makumbusho. Na karibu na kanisa lake, lililojengwa mviringo kwa mfano wa nyumba ya mtemi, vijana bado hukutana kila mwaka kwa sherehe za Bulabo, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vikishindana kwa ngoma na mbwembwe hata umati ukavunja uzio. Bujora imesimama kwa sababu wazee walikubali kutoa vitu vyao na kusema habari zake. Ubaya ni kwamba tumeiacha Bujora ibebe mzigo wa Usukuma nzima peke yake, na sisi wa mjini, tuliochanganyika makabila, hatuna hata kabati moja.

Hasara huingia nyumbani

Kuna msomaji atakayesema kwamba anahangaika na bili ya maji, na ada, na bei ya mkaa, na kwamba mambo ya makaburi na karatasi kuukuu ni ya watu walioshiba. Namheshimu msomaji huyo, lakini nataka atazame pamoja nami. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali inayopotea kwanza ni ya mnyonge. Mjane aliyekaa miaka thelathini katika nyumba ya mlimani hufiwa na mume, na baada ya arobaini huja shemeji kutoka kijijini akidai kwamba kiwanja kilinunuliwa kwa fedha ya ng'ombe wa baba yao. Hati ya mauziano iliandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya mashahidi wanne, mashahidi watatu wamekwisha kufa, na karatasi yenyewe iliuzwa kwa kilo siku ya kufagia nyumba. Baraza la kata litawapatanisha kwa lipi? Kijana anayetafuta cheti cha kuzaliwa ili apate mkopo wa chuo huulizwa habari za wazazi wake, naye hajui, na hakuna wa kumwambia. Mabinti wawili walioachwa na mama yao wangali wadogo hukua katika mtaa mmoja bila kujua kwamba wana shangazi upande wa pili wa mto.

Wapolandi wa Tengeru walilijua hili kwa uchungu. Mtu aliyenyang'anywa nyumba, shamba na kijiji alibakiwa na karatasi zake, na karatasi hizo, cheti cha ubatizo, picha ya ndoa, orodha ya shule, ndizo zilizomwezesha baadaye, London ama Montreal, kuthibitisha umri wake, kumtafuta ndugu yake kupitia Msalaba Mwekundu, na kuwaambia wanawe kwamba walikuwa na kwao. Je, sisi tunangoja tufukuzwe ndipo tujue thamani ya tulichonacho?

Ninachokiomba si jengo wala bajeti ya halmashauri. Kila mtaa uwe na daftari kubwa lenye jalada gumu, likae ofisini kwa mtendaji, na nakala yake ikae shuleni. Humo kila kaya iandike, kwa hiari yake, ilikotoka, mwaka iliohamia, majina ya waliozikwa na mahali walipozikwa, na jambo lolote ambalo isingependa lipotee. Wanafunzi wa sekondari wapewe kazi ya likizo ya kuwauliza babu na bibi maswali kumi na kuandika majibu kwa Kiswahili safi, na kazi hiyo ipewe alama kama zipewavyo hesabu. Kule Arumeru, iliko Tengeru, kazi ni ya haraka zaidi, kwa kuwa mtoto wa Kimeru aliyekuwa na miaka minane alipouona msafara wa Wapolandi ukishuka Tengeru mwaka 1942, akiwa hai, amekwisha kuvuka tisini. Na mambo aliyoyaona yeye, bei ya ndizi walizonunuliana, maneno waliyofundishana, wale waliofanya urafiki na wale waliogombana, hayamo katika kumbukumbu za London wala za Warsaw.

Mkutano mkuu wa mtaa wetu hujadili taka, ulinzi wa usiku na michango ya shule, na yote ni mambo ya lazima. Namwomba mwenyekiti aliweke na hili la daftari katika ajenda ya mkutano ujao, baada ya ulinzi, na mimi nitakuja nalo mkononi, ukurasa wa kwanza ukiwa umekwisha kuandikwa habari za nyumba yangu.